Waliomwendea Ramakrishna

Hotuba niliyoitoa mbele ya mkutano wa wasomaji, Dar es Salaam. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, hamjambo? Naona waliojibu ni safu ya mbele tu. Hamjambo?

Haya. Niliombwa nizungumzie walimu wa kiroho wa Kihindu na watu waliokutana nao. Mada yenyewe ni bahari. Nimechota sehemu moja tu: Ramakrishna wa Dakshineswar, nchi ya Bengal huko India, aliyezaliwa mwaka 1836 na kufariki mwaka 1886. Na hata huyo, mafundisho yake leo sitayagusa sana. Nataka tuwatazame wale waliomwendea. Walifika wakiwa na nini mkononi? Walitaka nini? Na walipokewaje?

Kwa nini nimechagua njia hiyo? Kwa sababu ushuhuda wa mtu aliyekutana na mtakatifu tunaujua sote, dini zetu zote zinao. Tumeusikia misikitini, makanisani, hata kwenye mabasi ya mikoani. Nilikuwa hivi, nikakutana na fulani, sasa niko hivi. Msimuliaji anatoka mzuri, mtakatifu anatoka mzuri zaidi, halafu msikilizaji anaombwa mchango. Ushuhuda wa namna hiyo mimi huupokea kwa mkono mmoja. Ninaoupokea kwa mikono miwili ni ule ambao msimuliaji ameacha ndani yake jambo linalomwaibisha. Na habari za Dakshineswar, ndugu zangu, zimejaa watu walioaibika.

Kwanza mahali penyewe. Dakshineswar iko kaskazini kidogo ya Kolkata, ukingoni mwa mto Hooghly, ambao kwa watu wa huko ndio Ganga. Hekalu la Mama Kali, mungu wa kike wa Kihindu, lilijengwa na mjane tajiri, Rani Rashmoni, likafunguliwa mwaka 1855. Mama huyo hakuwa wa tabaka la juu, na Wabrahmini, yaani watu wa tabaka la makuhani, wengi wao walikataa kuhudumu katika hekalu lake, licha ya pesa yake yote. Kaka yake Ramakrishna ndiye aliyekubali ukuhani, na alipofariki mwaka uliofuata, kazi ikamwangukia mdogo mtu, kijana wa kijijini Kamarpukur ambaye shule haikumkaa. Chumba chake kilikuwa kwenye kona ya ua, kikiwa na kibaraza kinachotazama mto. Mkewe, Sarada Devi, aliishi hatua chache kutoka hapo, kwenye kijumba cha wapiga muziki, chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa ukuta. Hapo ndipo tunapokwenda.

Naanza na mwalimu, kwa sababu humu ndani tumejaa walimu.

Mahendranath Gupta alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya Kolkata. Msomi wa Kiingereza, falsafa ya Ulaya anaijua, umri wake miaka ishirini na saba. Februari 1882 ugomvi wa kifamilia ulikuwa umemtoa nyumbani, akawa kwa dada yake, moyo umemchoka. Jamaa yake mmoja akamwambia twende tukatembee bustani za mtoni, iko moja anakaa mtu wa Mungu. Wakaenda jioni. Mlangoni walimkuta mtumishi wa kike, anaitwa Brinde. Sasa mwalimu mkuu atauliza nini? Akauliza: huyu bwana anasoma vitabu vingi? Brinde akamjibu kwamba vitabu vyote viko ulimini mwake.

Mnacheka, lakini fikirini. Mtu ameondoka nyumbani maisha yamemshinda, na swali la kwanza linalomtoka ni la maktaba!

Akarudi tena, safari hii asubuhi. Alimkuta Ramakrishna na kinyozi, ananyolewa, amejifunika shali kwa sababu baridi ilikuwa bado haijaisha. Wakaanza na habari za kawaida. Ramakrishna akamuulizia Keshab Chandra Sen, mhubiri mashuhuri wa Kolkata, ambaye alikuwa mgonjwa. Akamweleza kuwa amemwekea Mama Kali nadhiri ya madafu na sukari ili Keshab apone, maana Keshab akifa, yeye akienda mjini atazungumza na nani? Madafu na sukari. Hakuna fumbo la kiroho hapo, ni mtu anahofia maisha ya rafiki yake.

Kisha akamgeukia mgeni. Umeoa? Nimeoa. Ramakrishna akashtuka, akamwita mpwa wake, Ramlal, we Ramlal, huyu ameoa! Mwalimu mkuu akainamisha kichwa kama mwizi, anajiuliza kuoa ni kosa gani. Una watoto? Ninao. Lo, hata watoto anao! Kisha kwa upole, mkeo ni mtu wa namna gani? Mwalimu akajibu kwamba ni mwema, ila hana elimu. Hapo sauti ikabadilika. Kwa hiyo wewe ndiye mwenye elimu?

Walimu wenzangu, nani kati yetu hajawahi kulisema neno lile juu ya mke wake, au mama yake, au watu wa kijijini kwake? Mwalimu hakukoma. Akaja na hoja ya sanamu: watu wanaoabudu udongo wafundishwe kwamba udongo si Mungu. Ramakrishna akamjibu kwa ukali kwamba watu wa Kolkata ugonjwa wao ni huo, kuhutubia wengine. Na nani atawaangazia wao? Mwenye dunia hii ameshindwa kuwafundisha watu wake mpaka amngoje mwalimu mkuu?

Yeye mwenyewe anasema huo ulikuwa ubishi wake wa kwanza na wa mwisho mbele ya mtu yule.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndilo lililonifanya nimchague. Habari hizi tumezipata wapi? Kwake yeye mwenyewe. Mahendranath alikuwa na desturi ya kuandika kumbukumbu za kila siku. Akitoka Dakshineswar, anakaa na taa yake, anaandika nani alikuwepo, nani aliimba, kilisemwa nini. Kumbukumbu hizo baadaye akazifanya vitabu vitano kwa Kibengali, cha kwanza kikatoka mwaka 1902 na cha mwisho mwaka 1932, mwaka aliofariki yeye. Mtu alikuwa na miaka ishirini ya kufikiri kabla ya kupeleka mswada kwa mpiga chapa. Alikuwa na nafasi zote za kufuta lile neno la mkewe. Nani angejua? Hakulifuta. Alichofuta ni jina lake: katika vitabu vile anajiita kwa herufi moja tu, M.

Wa pili ni kijana, na huyu wengi mnamjua kwa jina alilolipata baadaye, Vivekananda, yule aliyesimama Chicago Septemba 1893 akahutubia mkutano wa dini za dunia. Lakini mwaka 1881 alikuwa Narendranath Datta, mwanafunzi wa chuo wa miaka kumi na minane, mtoto wa wakili, sauti nzuri ya kuimba, mbishi wa kuzaliwa. Inasimuliwa kwamba jina la Ramakrishna alilisikia darasani, kwa mkuu wa chuo, Mskoti William Hastie, aliyekuwa anaeleza shairi la Kiingereza lenye habari za mtu kuzama ndani ya nafsi, akawaambia wanafunzi wakitaka kuiona hali hiyo kwa macho waende Dakshineswar.

Narendra alikuwa na swali moja alilowauliza viongozi wa dini wa mji mzima. Umemwona Mungu? Basi. Alimuuliza hata Devendranath Tagore, mzee aliyeheshimiwa Bengal nzima, na mzee akamsifia macho yake badala ya kumjibu. Sisi wazee tunajua kukwepa, au siyo?

Alipofika Dakshineswar, akaombwa aimbe, akaimba. Mara Ramakrishna akamshika mkono, akamvuta barazani, akafunga mlango, akaanza kulia. Mbona umechelewa hivi? Nimekungoja kiasi gani! Akamlisha vitamu kwa mkono wake mwenyewe, kijana anasema wape na wenzangu, mzee hasikii. Narendra akaamua palepale: huyu ni kichaa. Kisha wakarudi chumbani, na kichaa yule akazungumza na watu vizuri kabisa. Kijana akatoa swali lake. Na jibu likaja bila kuzunguka: ndiyo, namwona kama ninavyokuona wewe hapa, ila kwa uwazi zaidi.

Mlitegemea niseme akaanguka miguuni? Hakuanguka. Alirudi nyumbani akiwa na mambo mawili yasiyopatana kichwani: mtu huyu ana wazimu, na mtu huyu hasemi uongo. Alipomwendea tena, Ramakrishna alimgusa kwa mguu, na kijana akaona kuta zinazunguka, chumba kinayeyuka, na yeye mwenyewe anataka kupotea. Alipiga kelele gani? Unanifanya nini? Mimi nina wazazi nyumbani!

Hilo ndilo ninalowaambia. Mtu aliyekuja kutunga hadithi ya utakatifu wake asingeweka kilio hicho. Angeweka aya ya Upanishad, maandiko matakatifu ya Kihindu. Huyu aliyekuwa akiwakimbiza wazee wa mji kwa swali lake, Mungu alipokaribia, akamkumbuka mama yake. Mzee akacheka, akampapasa kifua, akamwambia si lazima yote yawe leo.

Ubishi wao uliendelea miaka. Narendra aliwahi kuficha rupia chini ya godoro la mwalimu wake, kwa sababu Ramakrishna alikuwa akisema pesa inamuunguza. Ramakrishna akaja, akakaa, akaruka kama aliyechomwa. Godoro likakung'utwa, rupia ikadondoka. Kijana kimya. Mzee alipojua ni nani, hakukasirika. Alipenda kupimwa, wanafunzi wake aliwaambia wampime. Nakiri kisa hiki kimeandikwa na wanafunzi miaka mingi baadaye, na wanafunzi wana mapenzi yao. Kila mmoja akipokee kwa kadiri yake. Mimi naishia hapa: iko wapi nyumba ya dini leo ambapo kijana anaweza kumwekea kiongozi mtego, kisha akabaki kuwa kipenzi chake?

Mniruhusu sasa nitoke kwa wasomi, maana wasomi wana tabia ya kujaza ukumbi.

Kulikuwa na bibi mmoja, Aghoremani Devi. Aliozwa mdogo, akafiwa na mume akiwa bado mtoto, na mjane wa Kibrahmini siku zile haolewi tena. Aliishi Kamarhati, chumba kidogo cha ukingo wa mto ndani ya bustani ya hekalu, na kazi yake ilikuwa tasbihi. Miaka mingi, mchana na usiku, jina la Gopala, yaani Krishna akiwa mtoto mdogo. Hana mume, hana mwana, hana cha kutazamia. Mwaka 1884, umri wake kama miaka sitini hivi, akaenda Dakshineswar.

Safari iliyofuata alikwenda peke yake, na ukienda kumwona mtu wa Mungu huendi mikono mitupu. Akanunua vitamu vya maziwa vya senti chache, vya jana, vilivyoanza kukauka. Njia nzima anaona haya, amezungukwa na matajiri wanaoleta sinia. Hajakaa vizuri, Ramakrishna akamuuliza: umeniletea nini? Akavitoa. Akavila kwa furaha, kisha akaanza kuagiza! Usipoteze pesa kununua. Nitengenezee vitamu vya nazi. Au niletee mchuzi unaoupika mwenyewe, wa mumunye, wa mlonge na viazi, wa biringanya.

Bibi alirudi kwake amekasirika, na hasira zake ametuachia. Mtu wa Mungu gani huyu, habari za Mungu hazitaji, ni chakula, chakula, chakula! Mimi maskini, mjane, nitamlisha na nini? Sirudi tena.

Siku chache baadaye yuko njiani, kwa miguu, na bakuli la mchuzi.

Wenzangu, hapa nimefikiri sana. Watu wote wengine wanamwendea Ramakrishna kupokea. Mwalimu anataka faraja, kijana anataka jibu. Bibi huyu peke yake ndiye aliyeombwa. Mwanamke ambaye kwa miaka hamsini hakuwa na mtu wa kumwambia mama njaa inaniuma, leo amepata mtoto msumbufu wa kumpikia. Baadaye alianza kumwona Gopala mwenyewe, mtoto mchanga anayemng'ang'ania shingoni na kudai siagi, na wote wakamwita Gopaler Ma, Mama wa Gopala, mpaka alipofariki mwaka 1906. Hayo ya kumwona mtoto siwezi kuyapima, na sitajaribu. Lakini mchuzi nauelewa. Akina mama mnauelewa kuliko mimi.

Wa nne ni mlevi. Naona vijana wameamka.

Girish Chandra Ghosh alikuwa mwandishi na mwigizaji mkubwa wa tamthilia za Kibengali, bwana wa jukwaa la Star Theatre, Kolkata. Mlevi wa kutupwa, dini alikuwa ameitupa zamani, na watu wa heshima walimwogopa. Alipomwona Ramakrishna kwa mara ya kwanza, ilikuwa jioni, taa imeshaletwa, naye Ramakrishna anauliza kama jua limekuchwa. Girish akasema moyoni, maigizo hayo nayajua, ndiyo kazi yangu. Akaondoka.

Septemba 21, 1884, Ramakrishna akaja mwenyewe kwenye tamthilia yake, inayohusu mtakatifu Chaitanya. Girish alikuwa mfanyabiashara kwanza: Ramakrishna aingie bure, wafuasi wake wakate tiketi. Akamwamkia kwa kuinama. Ramakrishna akainama pia. Girish akainama tena, na mwenzake akainama tena. Mara kadhaa! Girish akaona hapa tutakesha, akaacha, akampandisha juu kwenye kiti chake, akamwekea mtu wa kumpepea, yeye akaenda zake nyumbani kwa kuwa hajisikii vizuri.

Aliyeigiza Chaitanya usiku ule alikuwa mwanamke, Binodini Dasi, na wasichana wa jukwaani siku zile walitoka nyumba za makahaba. Wastaarabu wa Kolkata walikuwa wanabishana kama ni halali hata kukaa kuwatazama. Ramakrishna alizama kwenye mchezo mpaka akapoteza fahamu za dunia, na baadaye akambariki yule binti. Kumbukeni jina lake, nitarudi kwake.

Girish alirudi kwa Ramakrishna mara nyingi, mara nyingine amelewa. Usiku mmoja ukumbini kwake alimtukana vibaya, yeye na ukoo wake. Wafuasi wakataka asitembelewe tena. Ramakrishna akaagiza gari la farasi, akaenda nyumbani kwa Girish.

Na yako mapatano yao. Girish alimuuliza afanye nini. Mkumbuke Mungu asubuhi na jioni. Akafikiri ratiba yake, akasema siwezi kuahidi. Basi kabla ya kula na kabla ya kulala. Hata hilo siwezi. Basi nipe uwakala, nitakufanyia mimi. Girish akafurahi, kama mtu aliyekabidhi kesi yake kwa wakili akaenda kunywa chai. Siku moja akasema jambo fulani lazima atalifanya. Ramakrishna akamkatiza: usiseme hivyo, sema Mungu akipenda. Mtu aliyetoa uwakala ana amri gani tena? Girish alikuja kusema kwamba angejua mzigo ulivyo, angechagua sala za asubuhi na jioni. Kila pumzi ilimbidi ajiulize ni yake au si yake.

Sasa Binodini. Mwaka 1885 Ramakrishna alipata ugonjwa wa koo, saratani, akahamishiwa nyumba ya Shyampukur mjini ili awe karibu na madaktari. Wafuasi wakaweka ulinzi mlangoni, wageni wasimchoshe. Mwigizaji wa kike angepitaje? Alivaa koti na kofia ya Mzungu, akaingia na rafiki mmoja wa Girish kama bwana wa Kiingereza. Walinzi wakampisha kwa heshima zote. Alipojitambulisha kitandani, mgonjwa akacheka kweli kweli, akausifu ujanja wake. Binodini akalia.

Na mimi nauliza: waliolinda mlango walikuwa wanamlinda nani?

Nimalizie na daktari, kwa ufupi, maana mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili. Dakta Mahendralal Sarkar, mwanasayansi, mwanzilishi wa taasisi ya kuendeleza sayansi iliyofunguliwa Kolkata mwaka 1876 na ipo hadi leo. Yeye hakuja kutafuta chochote. Aliitwa kutibu koo. Hakupenda kabisa watu kumshika mgonjwa miguu, akagombana na Girish waziwazi kwa kumfanya binadamu Mungu. Mgonjwa alipozama katika hali yake ile ya kupoteza fahamu za dunia, alimpima kama daktari anavyopima. Akaamuru mgonjwa asizungumze na watu. Kisha yeye mwenyewe akawa anakaa saa nyingi wakizungumza, wagonjwa wengine wanamngoja mjini, akaeleza kwamba katazo lile halimhusu yeye. Hakugeuka mfuasi. Sayansi yake alibaki nayo, na urafiki alibaki nao, mpaka Agosti 16, 1886, Ramakrishna alipofariki katika nyumba ya Cossipore.

Najua yako maswali. Najua hasa wazee wangu wa safu ya mbele wanataka kuuliza kuhusu mwaka 1866, Ramakrishna alipofundishwa na mtu wa Kisufi, akavaa Kiislamu, akawa anasali na kulitaja jina la Allah, na hekaluni kwa Kali hakukanyaga siku hizo. Nimekiacha kisa hicho makusudi, kwa sababu hapo hakuna aliyemwendea, ni yeye aliyekwenda kwa wengine. Anayekitaka ainue mkono. Mzee wangu, tafadhali, kipaza sauti kinakuja.